Elimu ya ufundi ya Wardha haikuletwa na wakoloni

Mtu anaweza kudhani ule mpango wa Wardha, India, watoto kusoma huku wanasokota pamba, ulibuniwa na Waingereza ili wapate vibarua. Ila ulitoka kwa Wahindi wenyewe, mkutano wa Oktoba 1937, Uingereza bado inatawala, na ufundi ndo ulikuwa njia ya kufundishia, yaani mtoto anasokota uzi, anahesabu mizunguko, anapima urefu, hapohapo kashajifunza hesabu, tena kwa lugha ya nyumbani. Hofu ya vibarua naielewa kabisa, maana ratiba iliupa ufundi saa 3 na dakika 20 kwa siku, na mauzo ya vitu walivyotengeneza watoto yalitarajiwa kusaidia mishahara ya walimu. Ukitaka kuhakiki tafuta ripoti ya mpango wenyewe, cheki tarehe na walioiandika, kisha soma silabasi.