Mfumo wa akili unde wenye hatari kubwa: anza na kusudi lake

Nikipewa jalada la mfumo wa kuchuja maombi ya kazi nilipime kwa Sheria ya Akili Unde ya Umoja wa Ulaya (Kanuni 2024/1689), takwimu za usahihi huziweka kando kwanza. Natafuta sentensi inayotaja kusudi: mfumo unafanya nini, nani anautumia, nani anapimwa. Kifungu cha 3 kinahesabu hata matangazo na kauli za mauzo kuwa sehemu ya kusudi hilo. Mwongozo ukisema mfumo unampangia afisa ajira orodha ya kupitia, huku tangazo likijigamba kwamba unateua wenyewe, tayari wewe mtoaji, yaani unayeutengeneza mfumo na kuuingiza sokoni kwa jina lako, umeuza matumizi ambayo hatari zake hukuzitathmini.

Wengi hukimbilia mwanya wa Kifungu cha 6(3) wa kukwepa kundi la hatari kubwa, wakidai mfumo wao unafanya kazi ndogo ya maandalizi tu. Mwanya upo. Ila mfumo wa Kiambatisho cha III (orodha ya matumizi yenye hatari kubwa, yakiwemo ya ajira) ukitumia data binafsi kumchambua mtu mmoja mmoja, kwa mfano kukadiria utendaji wake kazini, mwanya huo hauuhusu. Na hata anayepita hapo lazima aandike tathmini yake na kuusajili mfumo kabla ya kuuingiza sokoni.

Kwa mifumo ya ajira, mtoaji hujikagua mwenyewe kwa utaratibu wa Kiambatisho cha VI. Nafuu hiyo hulevya. Tamko la ulinganifu (kauli ya mtoaji kwamba mfumo unatimiza sheria), alama ya CE inayoonyesha hivyo kwenye bidhaa, na usajili huja baada ya nyaraka za kiufundi kukamilika, nazo hutunzwa miaka 10.

Logi, yaani kumbukumbu ambazo mfumo hujirekodia, ndizo huniudhi zaidi. Zilizo mikononi mwako zihifadhiwe angalau miezi 6, lakini muda si kitu kama zimerekodi alama alizopewa mwombaji tu. Weka toleo la modeli, saa, na kama afisa aliubadilisha uamuzi. Bila hilo la mwisho, utaonyeshaje kwamba usimamizi wa binadamu wa Kifungu cha 14 unafanya kazi?

Tukio zito, kama kifo au ukiukaji wa haki za msingi, huripotiwa kwa mamlaka ya usimamizi wa soko mara inapothibitika, au kuwepo uwezekano wa kutosha, kwamba limesababishwa na mfumo, na siku 15 tangu ulipolijua ndiyo kikomo. Kukiwa na kifo, ni 10. Kwa hiyo mteja aelezwe kwenye mkataba ampigie nani, hata usiku.

Mteja akibandika jina lake kwenye mfumo wako, kwa Kifungu cha 25 wajibu wa mtoaji humhamia yeye. Wewe bado unatakiwa kumpa taarifa za kiufundi anazohitaji.