Mstari wa Mchoraji Unapopigwa Fundo

Mteja anaponiletea zulia na kuniambia kwamba ni kazi ya mchoraji Mfaransa Fernand Léger, sianzi kwa kutafuta saini pembeni, bali hulipindua nikatazama mgongo wake. Zulia la sufu lililopigwa mafundo kwa mkono huonyesha nyuma mchoro uleule wa mbele, fundo kwa fundo, na matamvua yake ni ncha za nyuzi za mtande zenyewe, zile za urefu zinazobeba mafundo. Lile ambalo sufu yake imepenyezwa kwa mashine huwa limebandikwa kitambaa kwa gundi, na matamvua yake, kama yapo, yameshonewa baadaye.

Léger mwenyewe hakuwa mfumaji. Marie Cuttoli, Mfaransa aliyekuwa na karakana ya wanawake nchini Algeria, ndiye aliyechukua michoro yake, pamoja na ya Jean Lurçat na Jean Arp, akaigeuza mazulia na kuyauza Paris katika duka lake la Myrbor miaka ya 1920. Majina ya wanaume hao tunayajua. Ya wanawake waliokaa kwenye mtambo wa kufumia ni nadra kutajwa, ingawa wao ndio walioamua mengi tunayoyaona.

Waliamua kwa sababu fundo halina kona ya kupinda. Zulia lenye mafundo 100 kwa inchi ya mraba lina takriban mafundo 155,000 kwa mita ya mraba, yaani karibu 930,000 kwa zulia la mita 2 kwa 3, na bado kila fundo ni kijimraba cha milimita 2.5 kila upande. Mstari unaofuata mtande au mshindio, yaani nyuzi za mapana, hunyooka bila shida, lakini mviringo ambao mchoraji aliuzungusha kwa mpigo mmoja wa brashi hugeuka ngazi, na mfumaji hana budi kuchagua kila kipandio kikae wapi. Ivan da Silva Bruhns, mchoraji aliyejifunza kupiga mafundo mwenyewe, alilielewa hilo mapema: mazulia yake, yakiwemo aliyolitengenezea kasri la Manik Bagh huko Indore, India, yanategemea pembe na mistari iliyonyooka. Kwa maoni yangu ndiyo yaliyotulia kuliko yote ya kizazi chake.

Rangi nayo ina ukaidi wake. Nyekundu ambayo kwenye karatasi ni moja, kwenye sufu ni mbili, kwa kuwa manyoya ya zulia hulalia upande ulikoanzia ufumaji. Ukisimama upande mmoja utaiona imekolea, ukihamia wa pili imepauka. Niliwahi kuziba tundu la sigara lenye upana wa inchi 2 kila upande, nikalinganisha uzi kwa uangalifu mkubwa, kisha zulia lilipotandikwa sebuleni kiraka kikaonekana cheusi kama doa la mafuta. Uzi ulikuwa sahihi. Nililiweka zulia kichwa chini nilipokuwa nikilifanyia kazi, na mafundo yangu yote 400 yalilalia upande usio wake, ikanibidi niyafumue moja moja.