MK Dons sio Wimbledon ya 1988
Bado kuna watu wanabishaga eti MK Dons, timu ya soka ya England, ndo ile Wimbledon ya London iliyowapiga Liverpool 1-0 fainali ya FA Cup 1988. Sio kweli jamani. Nafasi ya kwenye ligi ndo walirithi, maana ile Wimbledon tangu 1991 ilikuwa inapanga uwanja wa Selhurst Park kwa timu ya Crystal Palace, tume ya FA (chama cha soka England) ikaruhusu ihame 2002, 2003 ikaenda Milton Keynes (mji mwingine kabisa!) na 2004 ikabadili jina ikawa MK Dons. Mashabiki wakagoma, wakaanzisha AFC Wimbledon yao hukohuko London, wakaanza na ligi za ridhaa, 2011 wakaingia ligi ya kulipwa. Halafu 2007 MK Dons wenyewe waliachia historia na vikombe vya ile Wimbledon, sasa nyie mnabishia nini?