Mashine ya ndani ikizimika baharini, anzia kwenye tanki

Nahodha mmoja alituletea mashua yake ya tanga akiwa amechoshwa na mashine. Dizeli ya silinda mbili, kuukuu lakini nzima. Asubuhi inawaka vizuri, inatoka bandarini bila shida, halafu baada ya nusu saa hivi inaanza kukohoa, inapungua nguvu, inazimika. Ikikaa kidogo inawaka tena kana kwamba hapakuwa na neno. Alikwisha kubadilisha filta zote, nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, zilishapelekwa kwa fundi zikarudi, na sasa alikuwa anatafuta pesa za pampu nyingine ya mafuta. Mkufunzi mwenzangu alilegeza tu kifuniko cha tanki la mafuta. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa mluzi. Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya tope ndani ya kibomba cha kupumulia cha tanki. Mafuta yanatoka, hewa ya kuziba nafasi yake haiingii, pampu inavuta mpaka inashindwa. Waya mwembamba na dakika tano, kazi ikaisha.

Visa vya namna hii ndivyo vingi tunavyokutana navyo. Mashine ya dizeli haina mambo mengi: inataka mafuta safi, hewa, na mgandamizo ndani ya silinda. Plagi za cheche haina. Zile za zamani ambazo huzimwa kwa kuvuta waya kwa mkono hata betri hazihitaji zikishawaka. Na vyuma vya ndani, kama ringi na vali, huchakaa polepole, vikilalamika kwa moshi na uzito wa kuwaka miezi mingi kabla ya kugoma. Kwa hiyo mashine iliyokuwa inakwenda vizuri ikazimika ghafla, iwe Yanmar ya silinda moja au Perkins 4.108, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta. Fuata njia yake kuanzia kwenye tanki kwenda mbele. Watu wengi huanzia kwenye nozeli na kurudi nyuma, na huko ndiko pesa zinakopotelea.

Lakini kabla ya kushika spana, shika chombo. Pandisha tanga, au tia nanga kama kina kinaruhusu. Tanga lililofukiwa chini ya ndoo na madumu halitakusaidia upepo ukikusukuma kwenye mwamba.

Haya, mafuta. Tanki likikaa nusu kwa wiki kadhaa, unyevu wa hewa huganda kwenye kuta zake usiku na kuteremka kuwa maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, na pale yanapokutana na dizeli huota bakteria na kuvu wanaofanya utelezi mweusi kama mlenda ulioungua. Chombo kikiwa kimefungwa gatini, uchafu huo umetulia na hausumbui mtu. Ukiingia kwenye mkondo wa Pemba wakati wa kusi, mawimbi yanautibua wote, unavutwa, filta inaziba. Ndiyo maana mashine iliyopimwa saa nzima bandarini inakufia pale pale unapoihitaji. Fungua kikoki cha chini ya filta ya kwanza, ile ya upande wa tanki, kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani, subiri kidogo. Ukiona mstari katikati, juu rangi ya dizeli na chini kitu kingine, umepata jibu. Endelea kumwaga mpaka yatoke mafuta matupu. Na ukirudi safari jaza tanki. Likijaa, unyevu hauna pa kugandia. Mafuta ya madumu yachuje, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Ukibadilisha filta, au mafuta yakikata, mashine huwa imevuta upepo, yaani hewa, na dizeli yenye upepo kwenye mabomba haiwaki hata uizungushe mpaka kesho. Hii ni kazi ambayo kila baharia anapaswa kuiweza gizani. Tafuta mkono mdogo wa chuma ubavuni mwa pampu ya kuvutia mafuta. Legeza skrubu ya juu ya filta ya pili, ile ya upande wa mashine, mzunguko mmoja unatosha, kisha piga mkono huo kwa kidole gumba. Litatoka povu, kisha mapovu ya hapa na pale, kisha mafuta matupu yasiyo na povu. Kaza huku unaendelea kupiga. Rudia kwenye skrubu ya pampu ya nozeli, ile inayosukuma mafuta kwa nguvu kwenda kwenye nozeli. Mwisho legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, fungua mafuta hadi mwisho, zungusha stata, mota ya kuwashia mashine, mpaka yarushe, kaza. Weka uso na mikono mbali: mafuta ya nozeli yana shinikizo la kupenya ngozi, na tundu dogo tu la namna hiyo ni la kukimbiziwa hospitali.

Hapo pana mtego. Unapiga mkono wa pampu, unacheza ovyo, hausukumi chochote. Wengi huihukumu pampu imekufa. Mara nyingi ni kemu, nundu ya ndani ya mashine inayoiendesha pampu hiyo, imesimama juu na kuubana. Zungusha mashine nusu mzunguko, jaribu tena, utausikia umeshika. Na kama upepo unarudi kila siku, tazama washa za shaba na mipira kati ya tanki na pampu. Upande huo unavuta, kwa hiyo huweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone la mafuta nje.

Stata ikigoma, habari ni fupi zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa imejaa na bado unasikia "ta!" moja tu, shuku viungo vya waya. Jaribu kuwasha kwa sekunde chache, kisha gusa kila kichwa cha waya kwa mkono. Chenye moto ndicho kibovu. Chumvi hukila kimya kimya. Fungua, piga msasa, kaza, paka grisi.

Moshi nao husema. Mweusi ni hewa kidogo au mzigo mkubwa: filta ya hewa imeziba, au propela imeota chaza. Wa buluu ni oili inaungua. Mweupe unaodumu mashine ikishapata moto ni maji yanaingia kwenye silinda au mafuta hayaungui sawasawa.

Joto likipanda, jambo la kwanza ni kuchungulia nyuma, tezini: bomba la moshi linatema maji? Kama halitemi, tazama koki ya maji ya bahari, kisha chujio, ambako siku hizi tunatoa mifuko ya plastiki kuliko mwani. Kisha fungua pampu ya maji, hesabu mabawa ya impela, gurudumu dogo linalosukuma maji. Likipungua moja halikuyeyuka: limekwenda mbele na kukwama kwenye mabomba ya kupoozea, na usipolitoa, impela mpya haitakuokoa. Usimwage maji baridi kwenye mashine iliyochemka, chuma hupasuka.

La mwisho ndilo linaloua mashine nyingi nzima, na hulifanya mwenye chombo mwenyewe. Kwa zile ambazo maji ya kupoozea hutoka pamoja na moshi, kila unapozungusha stata, pampu inasukuma maji kwenye bomba la moshi. Mashine isipowaka hakuna moshi wa kuyatoa. Yanajaa, yanarudi nyuma, yanaingia kwenye silinda, na maji hayagandamiziki: siku ikiwaka, kinachopinda ni koneksheni rodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni. Kwa hiyo ukiona haiwaki baada ya majaribio mawili matatu, funga koki ya maji ya bahari kwanza, kisha endelea kutafuta. Ikiwaka tu, ifungue hapo hapo. Ukiogopa kusahau, fanya kama wanavyofanya baadhi ya mabaharia: kila wanapoifunga koki na kuondoka, ufunguo wa mashine huning'inizwa kwenye mpini wake.