Namba za alamu ya nyumbani: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

"Namba moja inatosha nyumba nzima."

Hii ndiyo inayoumiza watu zaidi. Mwenye nyumba ya Isevya yuko Urambo kwenye masoko ya tumbaku, huenda asirudi wiki nzima. Nyumbani kabaki dada wa kazi na mpwa anayesoma chuo, na Jumamosi huja mama wa kufua. Wote wanabonyeza namba ileile kuwasha na kuzima alamu. Mama akiacha kazi, inabidi namba ibadilishwe na kila mmoja afundishwe upya, au iachwe kama ilivyo. Wengi huiacha. Ndivyo inavyotokea kila aliyewahi kufanya kazi pale akabaki anaijua.

Ukweli ni kwamba hata alamu za bei ya kawaida hukubali namba nyingi, kila mtu na yake. Anayeondoka unafuta ya kwake tu, wengine hawaguswi. Tena mifumo mingi huweka kumbukumbu: alamu imezimwa saa ngapi, kwa namba ya nani. Kitu kikipotea, wa kwanza kunyooshewa kidole huwa ni dada wa kazi. Kumbukumbu ile inaweza kumsafisha, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kumpa namba yake mwenyewe.

"Ukimpa mtu namba umemkabidhi nyumba."

Hapana, namba zina ngazi. Namba kuu ni ya mwenye nyumba: ndiyo inayoongeza watu na kuwafuta. Namba ya kawaida huwasha na kuzima. Mifumo mingi ina pia namba ya kuwasha tu, isiyoweza kuzima, na hiyo ndiyo ya kumwachia mtu ambaye kazi yake ni kufunga nyumba jioni. Mingine hukuruhusu kuweka siku na saa, kwa hiyo namba ya mama wa kufua ifanye kazi Jumamosi asubuhi, basi.

"Fundi ana namba yake, akitaka anaingia."

Namba ya fundi ni ya kupanga mfumo: sensa za milango (vifaa vinavyohisi mlango ukifunguliwa), muda wa king'ora na kadhalika. Katika mifumo mingi haizimi alamu iliyokwisha kuwashwa. Kiwango cha Ulaya cha alamu za wizi, EN 50131, kina ngazi 4 za ufikiaji, na fundi aliye ngazi ya 3 haruhusiwi kuingia kwenye mfumo mpaka mtumiaji wa ngazi ya 2, kama mwenye nyumba, amkubalie. Hofu yangu iko kwenye namba za kiwandani, kama 1234, zilizochapishwa kwenye vitabu vya maelekezo ambavyo yeyote mwenye intaneti anavisoma. Siku ya kukabidhiwa kazi, fundi abadilishe ya kwake mbele yako, nawe ubadilishe namba kuu akishaondoka.

"Umeme ukikatika namba zinafutika."

Hazifutiki. Hukaa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme. Betri ni ya kuifanya alamu iendelee kulinda gizani.

"Tarakimu nne hakuna wa kuzibahatisha."

Kweli, michanganyiko ni 10,000. Lakini angalia kibao chako cha kubonyezea namba wakati wa kiangazi: vumbi limetanda kote isipokuwa vitufe vinne vinavyoguswa kila siku. Anayeviona amebakiwa na mipangilio 24 ya kujaribu. Kifute kibao mara kwa mara, badilisha namba, na usitumie mwaka wa kuzaliwa wala namba ya siri ya pesa za simu.

"Ukishikiwa panga, bonyeza namba yako kinyumenyume."

Huu ni uvumi uliotoka kwenye ATM, na hata huko si kweli. Namba ya kulazimishwa ipo, ila ni namba ya peke yake na lazima ipangwe mapema. Ukiibonyeza, alamu inazimika kama kawaida na king'ora hakilii, huku ujumbe ukienda kimyakimya kwa watu uliowachagua. Kama mfumo wako unatuma kwa laini ya simu, laini hiyo iwe hai na yenye salio. Halafu kaa na wanaopokea uwaeleze: ujumbe ule ukifika, wasikupigie kuuliza kama ni kweli. Waite polisi na majirani, kwa sababu aliyekushikia panga anaisikia simu yako ikiita.