Je, wajua kwa nini jani lililogeuka jiwe huweza kupendwa kuliko jino la papa mkubwa?

Mtu aliyekusanya visukuku kwa miaka mingi akiulizwa ni kipi akipendacho kuliko vyote, mara nyingi haonyeshi kile kikubwa wala kile alichokinunua kwa bei ghali. Hufungua mtoto wa meza, akatoa kipande kidogo, pengine kimemeguka pembeni, kisha akaanza kusimulia. Nyumbani kwetu Mbeya kipande cha namna hiyo kilikaa juu ya kabati la vyombo tangu nikiwa mdogo. Kilikuwa bamba jembamba la jiwe la kijivu, ambalo marehemu baba alilileta kutoka machimbo ya makaa ya mawe ya Kiwira alikokuwa kibarua, na juu yake palikuwa na alama nyeusi ya jani lenye umbo la ulimi. Wageni walidhani tumelichora sisi watoto kwa mkaa.

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ndani ya mwamba, na si lazima kiwe mfupa: wayo, kinyesi na hata tundu alilochimba mnyoo huweza kuwa kisukuku. Jani lile ni la mmea uitwao Glossopteris, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ulimi. Mimea ya jamii hiyo ilitawala mabwawa ya kusini mwa dunia katika kipindi cha Pemiani, kilichoanza yapata miaka milioni 299 iliyopita na kwisha miaka milioni 252 iliyopita. Wakati huo nchi hii ilikuwa kusini zaidi kuliko ilipo leo, na miti hiyo ilipukutisha majani kwa wingi kufuata misimu. Jani lililoangukia kwenye matope ya bwawa lilifunikwa kabla halijaoza. Na kwa kuwa chini ya matope hapakuwa na hewa ya kuwatosha vijidudu vinavyoozesha, huku uzito wa tabaka zilizozidi kurundikana juu yake ukilikamua maji na gesi, kilichobaki ni utando mwembamba wa kaboni unaoonyesha mshipa wa kati na mtandao wa vishipa vyake. Mahali ambapo majani, mashina na mizizi vilirundikana kwa kina bila kuchanganyika sana na matope, ndipo yalipotokea makaa ya mawe yenyewe. Aliyesukuma toroli la makaa pale Kiwira alikuwa anasukuma msitu.

Jani la aina hiyohiyo liliwahi kubebwa na watu waliokuwa wakifa. Mwezi Februari 1912, Mwingereza Robert Falcon Scott na wenzake, wakirejea kutoka Ncha ya Kusini wakiwa wamedhoofika kwa njaa na baridi, walisimama kando ya barafu ya Beardmore kukusanya mawe. Hawakufika kambini. Scott na wenzake wawili wa mwisho walipopatikana mwezi Novemba mwaka huohuo wakiwa wamekufa, bado walikuwa na takriban kilo 16 za mawe ambazo hawakukubali kuzitupa, na ndani yake yalikuwamo majani ya Glossopteris. Mti wenye majani mapana ulimea vipi mahali ambapo leo pana barafu tupu, tena mti uleule ambao mabaki yake yako Afrika, India, Australia na Amerika ya Kusini? Jibu ambalo wanajiolojia walilikubali baadaye ni kwamba nchi hizo zote zilikuwa bara moja, Gondwana, kabla hazijaachana. Kila ninapolikumbuka jiwe la baba nafikiria kigari cha kukokotwa kwenye theluji walichobebea mawe yale, na sijui dukani ningelipangia bei gani.

Visukuku vingine hupendwa kwanza kwa umbo. Amonaiti, jamaa wa kale wa pweza na ngisi, ana gamba lililojisokota kwa mpangilio unaopendeza kiasi kwamba Wazungu wa kale walimwita kwa jina la Amoni, mungu wa Misri aliyechorwa na pembe za kondoo dume. Huko Whitby, Uingereza, wachongaji walikuwa wakimwongezea kichwa cha nyoka ili wamuuze vizuri zaidi. Trilobaiti, mnyama wa kale wa baharini mwenye gamba la pingili, alijikunja kama jongoo aliyeguswa, na wapo waliokufa wakiwa katika hali hiyohiyo, kwa hiyo anayemshika mkononi leo ameshika hofu ya siku moja mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Meno ya papa wa kale aitwaye megalodoni, ambayo mengine yanazidi sentimeta 15, hupendwa kwa ukubwa wake, ingawa meno ya papa kwa jumla si haba, maana papa hupukutisha meno na kuotesha mengine maisha yake yote. Kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka jiwe, yenye mdudu ndani haihitaji maelezo. Na kwa wanaodhani jambo hili ni la watu wenye haya, William Buckland, profesa wa Oxford katika karne ya 19, alikuwa na meza iliyopambwa kwa vipande vya kinyesi kilichogeuka jiwe.

Hata hivyo, umbo huzoeleka. Kinachodumu, kwa maoni yangu, ni tukio lililoacha alama kwenye kisukuku, na ndiyo maana wakusanyaji wengi hupenda kasoro: mfupa wenye alama za meno, gamba lililovunjika likaunga mnyama akiwa hai, ubavu uliotobolewa. Mfano mzuri uko hapahapa kwetu. Katika bonde la ufa la Rukwa, upande wa Songwe, yalipatikana mabaki ya dinosaria mkubwa mla majani aliyetangazwa mwaka 2017 kwa jina la Shingopana songwensis, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Baadhi ya mifupa yake ina matundu ya wadudu walioitafuna baada ya mnyama kufa na kabla hajafukiwa. Muuzaji angeyaona matundu hayo kuwa uharibifu, ilhali mtafiti anasoma humo kwamba mzoga ulikaa wazi kwa muda na kwamba wadudu wa namna hiyo walikuwapo.

Jambo la pili linalozidi umbo ni kujua kilikotoka. Katika miaka ya 1930, Francis Rex Parrington wa Cambridge alikusanya mifupa katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa nyanda zetu za juu. Mfupa wa mkono na vipande vya uti wa mgongo vya mnyama mmoja vilikaa makabatini kwa miongo mingi. Mwanafunzi wake, Alan Charig, aliandika habari zake katika tasnifu ya udaktari ya miaka ya 1950, lakini jina alilopendekeza halikuchapishwa rasmi hadi mwaka 2013, mnyama alipotangazwa kuwa Nyasasaurus parringtoni, mwenye umri wa takriban miaka milioni 243: ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni jamaa yao wa karibu sana. Mfupa wenyewe haukuandikwa umri. Umri ulitokana na tabaka ulimolala, na tabaka lilijulikana kwa sababu mkusanyaji aliandika alipouokota. Karatasi hiyo ingepotea, ungebaki mfupa mzuri usiosema neno.

Kwa sababu hiyo minada hainisisimui. Mifupa ya Tyrannosaurus, dinosaria mkubwa mla nyama, aliyepewa jina la Stan iliuzwa mwaka 2020 kwa takriban dola milioni 31.8, na bei ya namna hiyo humfundisha mtu kung'oa haraka pasipo kuandika. Hapa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda visukuku na zana za kale, na mtu haruhusiwi kuvichimba wala kuvipeleka nje bila kibali. Mgeni anayetia mfukoni shoka la jiwe pale Isimila, Iringa, huwa hajachukua kisukuku, kwa maana ni kazi ya mikono ya watu, lakini hasara ni ileile: jiwe likiondoka korongoni linaiacha habari yake huko.

Baba alipofariki, tuliamua kulipeleka bamba lile kwa wanaohusika. Mzee aliyelipokea alilitambua jani kabla hajavaa miwani. Hakuuliza ni la nini wala tulikuwa nalo tangu lini. Aliuliza lilitoka juu ya mkaa au chini yake, na umbali gani kutoka mlangoni mwa shimo. Tuligeuza jiwe. Nyuma palibandikwa kipande cha karatasi ya daftari chenye neno moja kwa mwandiko wa baba: Kiwira.