Nimesharudi nyumbani, vidonge vya nini tena?

Wiki iliyopita koplo mmoja aliletwa kwangu na mdogo wake, joto nyuzi 39.6, macho yameanza kuwa ya njano. Akasema yale yale ninayoyasikia kila kikosi kinaporudi kutoka misheni: "Afande daktari, hii haiwezi kuwa malaria. Kule Beni nilimeza doksi kila siku, sikukosa hata moja." Doksi ni doksisaiklini, kidonge cha kukinga malaria. Nikamuuliza aliacha lini. "Siku niliyoshuka kwenye ndege, afande." Siku hiyo ilikuwa imepita siku kumi na tatu. Kipimo cha haraka kilionyesha mistari miwili kabla hajamaliza kunisimulia safari.

Namwamini kwamba kule hakukosa kidonge. Tatizo ni kwamba yeye, kama wengi, anadhani dawa ya kinga ni ya mahali: ukitoka kwenye mbu wa Kongo, umemalizana nayo.

Mbu akikuuma, vimelea havikai kwenye damu. Ndani ya muda mfupi vimeshaingia kwenye ini, na hawa wa falsiparamu, aina ya malaria iliyo hatari zaidi, hujificha humo kwa karibu wiki nzima wakizaliana. Wakati huo huna homa, na kipimo hakioni kitu. Doksi huwezi kuitegemea iwamalize ndani ya ini. Inawasubiri mlangoni: wakitoka kuingia kwenye damu, waikute. Sasa chukua usiku wako wa mwisho lindoni. Mbu aliyekuuma saa nane usiku huo, mzigo wake utafunguka ukiwa umeshafika Songea, umevua kombati, unakula na watoto. Kama uliacha vidonge uwanja wa ndege, vimelea vinatoka na kukuta mlango hauna mtu.

Wengine wakielewa hapo huniambia basi watameza wiki moja ya ziada. Haitoshi. Doksi inaua polepole. Kimelea kinachokutana nayo kwenye damu humaliza mzunguko wake wa saa 48, hupasua chembe nyekundu, na kizazi kinachofuata ndicho kinachoshindwa kuendelea. Tena vimelea vyote havitoki kwenye ini kwa siku moja. Kwa hiyo ni miligramu 100 kila siku kwa wiki nne baada ya kuondoka eneo la malaria, siku 28 kamili. Meflokwini nayo, dawa nyingine ya kinga inayomezwa mara moja kwa wiki, huendelea wiki nne. Hiyo "siku saba tu" mliyoisikia kwa wenzenu wa vikosi vya Ulaya ni ya kidonge kingine, mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, ambao unaua vimelea humo humo ndani ya ini. Ratiba ya dawa moja haihamishiwi kwenye nyingine.

Ushauri wangu nimeurudia hadi askari wananiigiza, na nitaurudia. Kabla ya kupanda ndege hesabu vidonge 28, vifunge peke yake, andika juu tarehe ya kidonge cha mwisho. Ukifika, mkabidhi mkeo au mama yako. Wao hawasahau. Na visigawiwe: nimekuta doksi ya misheni ikitumika kutibu kuhara kwa mtoto wa miaka minne, na nyingine ikipewa jirani mjamzito. Wote wawili hawapaswi kuigusa.

Uzembe huu unaangusha hata majeshi tajiri. Mwaka 2003 Marekani ilishusha wanajeshi wapatao 290 nchi kavu Liberia. 80 wakaugua malaria. Meflokwini walikuwa wamepewa, ila wengi hawakuimeza kwa ratiba.

"Mimi nimekulia Kigoma, mwili umezoea." Ulizoea ulipokuwa unaumwa na mbu kila msimu. Baada ya miaka kadhaa kambini Arusha au Nairobi ile kinga imepungua sana, na hata ilipokuwepo ilikupunguzia makali tu. Haikuzuia vimelea kuingia.

"Zinamaliza nguvu za kiume." Uvumi huu ni wa zamani kuliko doksi yenyewe. Katika Vita vya Pili vya Dunia ulienezwa kuhusu mepakrini, ile dawa ya malaria iliyogeuza ngozi kuwa ya njano. Jenerali William Slim wa Uingereza, ambaye chini yake askari wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, walipigana Bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, alipimisha damu za vikosi kwa kushtukiza. Kikosi kikionekana waliomeza hawafiki asilimia 95, kamanda wake anaondolewa. Aliwaondoa watatu, wengine wakaelewa. Doksi haigusi nguvu za kiume. Ukiona tofauti njoo tuzungumze, maana kukosa usingizi, pombe na hofu ya miezi kadhaa vinafanya hivyo.

Wapo wanaomeza mseto siku moja kabla ya doria wakidhani wamejikinga. Mseto ni tiba. Uacheni.

Kuhusu meflokwini, hapa nawaomba msiwe mashujaa. Tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani imeiwekea onyo lake kali kabisa, kwa sababu inaweza kuleta wasiwasi, sonona na kuona visivyopo, na kizunguzungu chake kwa wengine hakikuondoka. Kama umewahi kuugua akili au kifafa, sema kabla ya kupewa. Ukianza kuota ndoto za kutisha au kuhisi watu wanakufuata, njoo siku hiyo hiyo tukubadilishie. Usiazime vidonge vya mwenzako kwa sababu vyako vimeisha.

Doksi usiimeze kavu ukiwa umeshalala. Inanasa na kuunguza umio, na nimeona watu wazima wakilia kwa kumeza mate. Meza na chakula na maji mengi, kaa wima nusu saa au zaidi. Maziwa, vidonge vya damu na dawa za kiungulia viwe mbali nayo kwa saa chache. Jua litakuchoma kuliko kawaida, kwa hiyo shusha mikono ya kombati. Chandarua kiko pale pale, hakuna kidonge kinachochukua nafasi yake.

Homa yoyote ukiwa unameza au umemaliza, hata baada ya miezi, ipimwe malaria. Mweleze tabibu ulitoka wapi na unatumia dawa gani, hasa ukiwa Njombe au sehemu nyingine ya baridi ambako malaria si jambo la kwanza atakalolifikiria.

Koplo tulimlaza, akapewa sindano za atesuneti, na macho yameanza kuwa meupe. Nilimwomba namba za wenzake wa platuni waliorudi naye. Wanne wako hapa mjini. Watatu walikuwa wameshaacha vidonge. Jana walikuja, nikawapima, na wameanza tena.